Nyeusi ya Gunia Jipya

Jumatatu, 3 Machi

Nikisema, naambiwa nina kelele. Basi nitaandika. Karatasi haina mdomo wa kunijibu.

Gunia jipya la nyeusi limefika leo. Nyeusi ndivyo tunavyoiita sisi wa karakana — wenye vyeti wanasema kaboni. Ni masizi tu. Huko viwandani wanachoma mafuta, wanakinga moshi wake, wanaufunga kwenye gunia, wananiletea mimi. Lakini bila hayo masizi mpira ni kitu cha kuchezea watoto. Unavutika, unachanika, jua likiupiga kidogo unapasuka nyufa kama kisigino changu. Ukiutia nyeusi unakuwa mtu mzima. Soli inakanyaga mawe mwaka mzima na haisemi kitu. Marehemu mume wangu alijenga karakana hii kwa masizi, mimi nimesomesha watoto kwa masizi, na mpaka kesho nikipenga kamasi kitambaa kinatoka cheusi. Sioni haya.

Ila hii ya leo siyo ile niliyoizoea. Ile ya zamani ilikuwa nzito, ukiimimina inashuka kama mchanga. Hii inapaa. Nimeifungua tu, Kobe kapiga chafya mpaka kofia ikamwanguka. Kobe ni fundi wangu wa mashine, mtu mzima mwenye wajukuu. Jina tulimpa kwa mwendo wake. Muuzaji kasema hii ni kali, inakaza mpira kuliko ile, niweke kidogo kuliko nilivyozoea. Nikamwambia kuuza auze yeye, kupika napika mimi.

Jioni kitinda mimba wangu kapita. Ni fundi umeme, yuko kwenye nyumba ya pampu ya maji, barabara ya juu. Sakafu yao haikauki, kila bomba linadondosha. Swichi moja kubwa imeungua nusu, na ataibadilisha umeme ukiwa unapita. Kuzima haiwezekani — hospitali ya wazazi inategemea pampu hiyo hiyo. Kwa hiyo anataka mkeka wa mpira wa kusimamia, umtenge na ile sakafu mbichi. Kasema hataki wa dukani, anataka wa mkono wangu.

Nimemjibu kwa ukali ili asione nilivyofurahi.

Jumanne, 4 Machi

Mke wake kaja. Mwalimu. Anafundisha kemia sekondari, na hiyo kemia anaitembeza kama mtu aliyezaa jana, kila mtu aione. Kaja karakana amevaa gauni la rangi ya maziwa. Halafu anashangaa kuchafuka.

Shikamoo mama, umeamkaje mama, mgongo unaendeleaje — hiyo ilikuwa sukari. Dawa ikafuata. Mkeka wa mume wake nisiutie nyeusi. Niutie udongo mweupe, ule laini wa kutengenezea vyombo. Eti nyeusi ikiwa nyingi mpira unapitisha umeme.

Nikamtazama kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye kilemba.

"Mpira upitishe umeme?"

"Siyo mpira, mama. Kaboni iliyomo ndani."

"Mafundi umeme unaowajua wanavaa viatu vya rangi gani?"

"Vyeusi, lakini —"

"Kafa nani?"

"Mama, inategemea ni kaboni ya aina gani na imewekwa kiasi gani."

"Kiasi nakijua mimi. Wewe kajifunze kiasi cha chumvi."

Kobe kacheka. Nimemkemea, lakini si sana.

Mpira mweupe! Huo ni wa kufutia makosa ya wanafunzi wake. Mwanangu asimame mbele ya moto wa umeme juu ya kifutio.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepika mkeka. Sikumwachia Kobe.

Mpira mbichi kwanza, peke yake, upite katikati ya yale magogo mawili ya chuma mpaka ulainike na kulivaa gogo la mbele kama soksi. Ndipo nyeusi, kikombe kwa kikombe. Mafuta baadaye. Mwenye haraka hutanguliza mafuta — mpira unateleza, haushiki kitu, unabaki na madonge, halafu anakuja kulia kwangu kwamba soli zimekatika. Salfa ya kuuivisha mwisho kabisa, mpira usije ukaivia mashineni.

Hii nyeusi mpya ni jeuri. Nimeijua kabla ya kikombe cha tatu. Magogo yamenguruma, mpira umepanda joto mpaka nikashindwa kuugusa, ukawa mgumu kama shingo ya mkwe wangu. Kobe kasema, mama, tuishie hapo, mzigo umetosha. Nikaongeza. Kasema tena. Nikaongeza tena. Mkeka wa mwanangu hautakuwa wa kijivu mbele za watu. Kobe alitaka angalau aupitishe mashineni muda mrefu kama ilivyo kawaida yetu. Nimemzuia, mkanda wa mashine ulishaanza kunuka kuungua.

Nimekata kipande kwa wembe nikakigeuzia mwanga. Hakuna nukta, hakuna donge. Uso wa kioo. Nimeng'ata ukingo kwa meno yaliyobaki na haukuacha alama. Mwalimu na aje atafute kosa hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Mkeka umetoka kwenye presi. Mweusi kama mboni ya jicho. Mzito. Umenikalia vizuri moyoni.

Mwanangu kaja kuuona, na binti yake. Mtoto kanisalimia vizuri kabisa, "Shikamoo, Bibi Masizi." Nikamuuliza nani kamfundisha hilo jina. Kasema hakuna. Miaka mitano, na tayari anajua kumficha mama yake. Hapo nimempenda zaidi, lakini sikumwonyesha.

Mwanangu kaurukia mkeka, kachezesha magoti, kasema huu hata tembo. Halafu kashusha macho.

"Mama, mwenzangu anaomba aupime kwanza. Ana betri na taa ndogo, ni dakika moja."

"Dakika moja ya kunitukana."

"Siyo hivyo, mama."

"Baba yako alipima kwa meno. Chagua mkeka au chagua hiyo taa."

Kajikuna nyuma ya sikio. Tangu mdogo akibanwa anajikuna pale pale. Kasema sisi wanawake wawili tunamvuta huku na huku, siku moja atakatika. Nikamwambia ni kwa sababu hajatiwa nyeusi ya kutosha. Yeye kacheka. Mimi sikucheka.

Hakuuchukua leo. Eti hana kamba ya kuufungia kwenye pikipiki. Karakana nzima kamba zimejaa.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwao. Kiti changu kilikuwa kimetandikwa shuka. Viti vya wengine vitupu, changu shuka — kama mimi ni baiskeli inayovuja grisi. Nimelitoa, nimelikunja vizuri pembe nne, nimemkabidhi mkononi. Ndipo nikakaa.

Tulikula. Mtoto alipoondoka mezani, Mwalimu kaniomba anieleze kitu kimoja tu. Nikasema eleza, mimi sina pa kukimbilia, mdomo umejaa.

Kasema chembe za nyeusi hazikai moja moja. Zinagandana tangu huko motoni, vishada vishada, kama zabibu zisizochumika. Kuna nyeusi ya vishada vifupi vilivyojikunja, na kuna ya vishada virefu vyenye matawi. Ile yenye matawi inaushika mpira kwa ndani, unakaza sana. Hapo nilimkubali kimoyomoyo, maana magogo yangu niliyasikia.

Kasema nifikirie chumba. Watu wameshikana mikono makundi makundi. Wakiwa wachache, kila kundi na kona yake. Ongeza watu, ongeza, mpaka makundi yaanze kugusana mabega — sasa neno likisemwa mlangoni linafika dirishani na hakuna aliyeinua mguu. Ndivyo umeme unavyopita kwenye mkeka uliojazwa nyeusi. Wenye mikono mirefu wanagusana upesi zaidi.

"Umbea," nikamwambia. "Huo kweli umeusomea."

Mwanangu kaweka kijiko chini. Mwalimu hakupandisha sauti. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, hagombi kama watu. Kasema hivi, polepole: "Mama, wewe ukikosea, utakuwa umekosea. Mimi nitakuwa mjane."

"Ujane nimeuvaa mimi," nikamjibu. "Usinitishe kwa nguo yangu mwenyewe."

Nikanawa, nikaondoka. Mwanangu kanisindikiza mpaka barabarani. Tulipoachana kauliza aje kuuchukua mkeka lini. Basi nikajua kachagua. Nimerudi nyumbani natembea kama msichana.

Jumatano, 12 Machi

Kauchukua. Tumeuviringisha kwa shida, mimi, yeye na Kobe, unakataa kukunjika. Kaupeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya pampu, ufungiwe huko. Swichi mpya inaletwa Jumatatu mchana, ndiyo siku ya kazi.

Mwalimu kanipigia simu asubuhi, mchana na jioni. Nimeiweka simu juu ya presi nikaitazama inavyotembea kwa mtetemo. Sikupokea. Ana lipi jipya?

Nimegombana na Kobe tu leo. Hakuna raha kugombana na Kobe. Anakubali kila kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu mwenyewe katokea. Leo kavaa nguo nyeusi tupu, nikamwuliza kama kashaanza matanga. Mkononi mfuko wa plastiki.

Kasema kaja kupima mabaki tu, zile kingo zilizokatwa kwenye mkeka. Haombi kingine. Nyumba ya pampu haruhusiwi kuingia mtu wa nje, kwa hiyo mkeka wenyewe haufikii. Na mume wake kamwomba mpaka kachoka.

"Anasema hawezi kukuonyesha kwamba hakuamini," kasema. "Nimelia mbele yake, mama. Anasubiri neno lako wewe. Ukimwambia asiusimamie, hatausimamia."

"Basi atasubiri sana."

"Hata kutazama hutaki? Ukiwa uko sahihi, taa haitawaka, na mimi nitapiga magoti hapa hapa mbele ya Kobe."

Nilitaka kuyaona hayo magoti. Naandika ukweli, nilitaka sana. Lakini mtu akija kupima kazi yako ndani ya karakana yako, ameshakushinda kabla hajapima. Nikamwambia Kobe awashe mashine. Kobe akajifanya hasikii. Nikaiwasha mwenyewe, bila mpira, magogo yanapiga kelele matupu, naye anaendelea kusema na mimi naonyesha masikio.

Akasubiri. Mimi pia nikasubiri. Mwisho kaweka ule mfuko juu ya meza ya kukatia, kasogea mpaka sikioni kwangu.

"Sitakupigia tena. Ukitaka, wewe ndiye utakayenipigia."

Nikamwambia aoge kabla ya kuingia darasani, asije akawapitishia watoto umeme.

Kaondoka na alama ya vidole vyangu kwenye mkono wa nguo, maana nilimshika kumtoa. Kwenye nguo nyeusi haikuonekana.

Jumapili, 16 Machi

Sikualikwa. Vizuri. Nimefua. Nimefagia karakana ingawa si siku ya kazi. Ule mfuko bado uko mezani, nimefagia kuuzunguka.

Mwanangu kanipigia, kanisalimia, kauliza, "Mama, huna la kuniambia?" Nikamwambia avae viatu vikavu. Kasema haya mama, kesho basi.

Jumatatu, 17 Machi

Kobe kachelewa kama kawaida yake. Nimekaa na ule mfuko. Nikasema ngoja niitoe hiyo takataka, meza inatakiwa. Ndani betri ndogo ya mraba, nyaya mbili zilizomenywa ncha, na taa ndogo kama punje ya mahindi, nyekundu. Kabandika na karatasi, kaniandikia kwa herufi kubwa kama ninafundishwa: GUSA HAPA NA HAPA.

Nimegusa chuma cha presi. Ikawaka. Sawa, chuma.

Nimegusa meza. Kimya.

Nimechukua soli ya zamani, ya ile nyeusi nzito, nikagusa. Kimya kabisa. Nimecheka peke yangu karakana nzima. Nikasema hebu aje sasa na magoti yake.

Nikachukua ukingo wa mkeka. Nikagusa.

Imewaka.

Haikuwaka sana. Kama jicho la mgonjwa linapofumbuliwa kwa kidole. Lakini imewaka, na nilipotoa waya ikazima, na niliporudisha ikawaka. Nikasema ni jasho la mikono. Nikafuta kwa kitambaa. Ikawaka. Nikaosha kwa sabuni, nikakausha juani, nikasimama mbele yake kama nachunga mbuzi. Ikawaka. Nikachukua wembe nikakata kipande kipya katikati, ule uso wa kioo nilioutukuza, ndani kabisa ambako maji hayajafika wala mkono haujafika. Ikawaka vizuri zaidi kuliko nje.

Kobe alikuwa kasimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Mama," kasema, "inawaka."

"Naona. Macho ninayo."

"Ile soli ya zamani je?"

"Haiwaki."

Kavua kofia. "Vile vikombe vya nyongeza," kasema, halafu akayameza maneno yaliyobaki, na afadhali aliyameza. Ile nyeusi yenye mikono mirefu. Na nikajaza chumba. Na nikamzuia Kobe asiisage zaidi, vile vishada vikabaki vizima na matawi yake. Chumba kimejaa watu wangu mwenyewe.

Nimempigia mwanangu. Najua hatapokea. Akiwa kazini simu huifungia kabatini, ni sheria yake tangu alipoanza ufundi, na mimi ndiye niliyemsifia. Nimepiga hata hivyo. Imeita humo kabatini mpaka ikakata. Swichi ni ya mchana, lakini mchana wa mafundi wengine huanza mapema, na yeye si mtu wa kuchelewa. Hiyo nayo nilimfunza mimi.

Kobe kaondoka na baiskeli. Tangu namjua sijawahi kumwona anakimbia, leo kalikimbiza lile baiskeli kwanza kwa miguu, ndipo akalirukia. Barabara ya juu ni mlima mtupu. Simuoni akifika mapema.

Aliye karibu ni mmoja tu. Shule yake na nyumba ya pampu zinatenganishwa na ukuta. Mlinzi wa lile lango anamfahamu, hata kama hamruhusu kuingia, kupiga kelele langoni hakuna anayemzuia.

Nimeandika haya ili mkono utulie, nikishika simu hivi nitampigia muuzaji wa salfa.

Nimwanze vipi? Mwalimu — jina hilo namwita kwa kejeli, na yeye anajua. Mkwe — sijawahi kumwita hivyo, ataona ninaomba. Mwanangu — hapana, nalo ni lake yule. Mke wa mwanangu, mume wako. Mume wako yuko juu ya mkeka wangu.

Atasema si nilikuambia. Na aseme. Aseme huku anakimbia.

Nimepiga. Imeita mpaka ikakata. Yuko darasani. Au kaliona jina langu na kaiweka mezani anaitazama inavyotembea. Ningekuwa yeye ningeiacha itembee.

Napiga tena. Nimeiweka simu kwenye spika, hapa mbele ya karatasi, na ile taa yake bado ninaishikilia kwenye mkeka kwa mkono wa kushoto, sijui kwa nini, na bado inawaka.

Kapokea. Nasikia watoto wa darasa lake nyuma, wanasoma kitu kwa pamoja. Leo hakuna shikamoo.